Ubishi wa kiboko: asiyechapwa ndiye anayepigana shuleni?

Mzee alikuja barazani na barua ya shule. Ilikuwa baada ya isha, mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, na mwenye kahawa ndiyo kwanza ametua dele lake. Mjukuu wa mzee, kijana wa miaka 14, amesimamishwa masomo wiki mbili kwa kumng'oa mwenzake jino. Barua ikapita mkono kwa mkono, ikasomwa kwa sauti mara mbili, ikamrudia mwenyewe na doa la kahawa pembeni.

"Zama zetu mwalimu angemtandika bakora sita, yakaisha," mzee akasema. "Serikali imewanyang'anya walimu kiboko, na haya ndiyo matokeo yake." Baraza zima likaitikia. Mmoja akaleta habari za vijana wa panga wa Kisauni, mwingine habari za mabweni yanayochomwa moto, na yote yakatwikwa marufuku ya kiboko. Mtaa wenyewe waitwa Kibokoni. Utani ulijileta, hakuna aliyeuokota.

Mwenye kahawa, aliyekuwa kimya akigonganisha vikombe vyake, akauliza, "Kwani nyumbani hachapwi?"

"Achapwa! Babake hamwachi," mzee akajibu, akacheka.

Hapo ndipo ubishi ulipopaswa kuanza. Badala yake watu wakahamia kwenye kandanda.

Nimeurudia ubishi ule kichwani mara nyingi, maana naona tumefunga maswali matatu katika fundo moja. Lipo swali la mtoto: akipigwa huwa mpole au huwa mgomvi? Lipo swali la nchi: ikipiga marufuku viboko, vijana wake hupigana zaidi au hupungua? Na lipo letu la Kenya, la mabweni kuungua na walimu kushambuliwa: yalianza kiboko kilipoondoka? Mtu akijibu moja hudhani ameyajibu yote.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu hicho kiboko cha zamani. Kanuni za nidhamu shuleni za mwaka 1972 hazikumpa kila mwalimu ruhusa ya kuchapa. Kosa lilitakiwa lichunguzwe, adhabu itolewe mbele ya shahidi na si mbele ya wanafunzi wengine, viboko visizidi sita, na mwalimu mkuu aweke kumbukumbu kwa maandishi. Sasa wewe uliyesoma miaka ya 80 au 90, niambie: uliwahi kuliona hilo daftari la kumbukumbu? Mimi sikuliona. Nilichokiona ni kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono, kikining'inia kwenye msumari kando ya ubao. Mwalimu wetu alikipa jina: Daktari. Tulipelekwa kwa Daktari kwa kuchelewa, kwa kukosa hesabu, kwa kusema Kiswahili siku ya Kiingereza, na siku nyingine darasa zima kwa sababu mkosaji hakujulikana. Shirika la Human Rights Watch lilipochunguza shule za Kenya na kuandika ripoti yake mwaka 1999, lilikuta kanuni hizo aghalabu hazifuatwi. Kwa hiyo wanaodai kiboko kirudi wangetueleza kwanza wanataka kipi, kile cha daftari au kile cha msumarini.

Mwaka 2001 kanuni hizo zikafutwa kwa Tangazo la Kisheria nambari 56. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, ikakataza adhabu ya viboko kwa mtu yeyote, na ikakataza ukatili uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi, maneno yanayoingia hadi ndani ya nyumba zetu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikamwekea adhabu anayempiga mwanafunzi: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Ukishuka kusini hadi Lunga Lunga ukavuka mpaka, upande wa Tanzania kiboko cha shuleni bado ni halali, mwisho vinne. Sheria hubadilika njiani. Watoto ni walewale.

Turudi kwa mtoto. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti 75 zilizofanywa katika muda wa nusu karne, zikihusu watoto zaidi ya 160,000. Hawakuwa wakitazama mikanda wala mipira ya maji. Walitazama kuchapwa kwa kiganja tu, kile ambacho wazazi wengi wa hapa hata hawakiiti kipigo. Walipima mambo 17. Katika 13 kati ya hayo walikuta uhusiano wa wazi na kuchapwa, ugomvi ukiwemo, na yote 13 yalielekea upande wa madhara.

Hapa mzee wa Kibokoni angenikatiza, tena kwa haki: "Mwanangu, mtundu ndiye achapwaye. Wewe umewakuta wagonjwa hospitalini ukasema hospitali ndiyo iliyowaambukiza." Ni hoja nzito, na watafiti wenyewe wamehangaika nayo miaka mingi, kwa kuwa huwezi kuwapigia watoto kura, hawa wachapwe na hawa wasichapwe, ukangoja uone. Njia waliyoipata ni kumfuata mtoto yuleyule. Catherine Taylor wa Chuo Kikuu cha Tulane na wenzake walifanya hivyo kwa akina mama karibu 2,500 wa miji ya Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Walipima ugomvi wa mtoto akiwa na miaka mitatu, wakauliza amechapwa mara ngapi mwezi ule, kisha wakarudi alipofika miaka mitano. Kwa hesabu zao walilinganisha mtundu na mtundu, mpole na mpole, wakaondoa pia athari za msongo wa mama, ulevi na kipigo kati ya wazazi. Waliochapwa zaidi ya mara mbili kwa mwezi wakiwa wadogo walikuwa wagomvi zaidi miaka miwili baadaye, hata hivyo.

Hilo halimalizi ubishi. Linaondoa sehemu kubwa ya hoja ya mzee, si yote, na athari kwa mtoto mmoja mmoja si kubwa. Wengi wetu tulichapwa na hatujamng'oa mtu jino. Lakini jambo dogo likifanywa kwa mamilioni ya watoto, kila wiki, miaka kumi na zaidi, halibaki dogo.

Kinachoniridhisha kuliko takwimu ni maelezo ya namna jambo lenyewe linavyotokea. Mwaka 1990 Kenneth Dodge, John Bates na Gregory Pettit waliandika katika jarida la Science kuhusu watoto waliokuwa wamepigwa na watu wazima hadi kuumia. Watoto hao walikuwa wakiwasoma wenzao vibaya: tendo la bahati mbaya walilisoma kuwa la makusudi, na wakajibu kwa makusudi. Mkono ulioinuka, kwao, umekuja kupiga.

Niliwahi kuliona hili kwa macho, katika shule moja ya kisiwani, asubuhi nilipokwenda kwenye kikao cha wazazi. Kijana mmoja avukaye kutoka Likoni alifika kachelewa. Feri ilikuwa imesumbua asubuhi ile, mji mzima ulijua, ila pale langoni hakuna aliyeuliza habari za feri. Mwalimu wa zamu alikuwa na fimbo. Ni kinyume cha sheria, na kila aliyesimama pale alijua ni kinyume cha sheria, hata bawabu. Vya viganja, viwili kila mkono. Kijana hakulia. Alivipuliza viganja, akavisugua kwenye suruali, akaingia. Wakati wa uji, kwenye foleni, mtoto mdogo aliyekuwa nyuma yake akamgusa kiwiko na uji ukamwagikia kiatu chake. Yule kijana hakugeuka kuuliza. Alimpiga ngumi ya uso kabla kikombe hakijafika chini. Mwalimu aliyewatenganisha akasema lile linalosemwa siku zote: huyu hasikii ila fimbo.

Utaambiwa hayo ya utafiti ni ya Wazungu, kwetu fimbo ni mapenzi, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Na hapa ukweli umegawanyika. Jennifer Lansford na wenzake, mwaka 2005, walichapisha utafiti wa jozi 336 za mama na mtoto kutoka China, India, Italia, Kenya, Ufilipino na Thailand. Kenya iliongoza kwa kuchapa. Hoja ya mila ilipata ushahidi: pale ambapo kuchapwa ni jambo la kawaida kwa kila mtoto, uhusiano kati ya kuchapwa na ugomvi ulikuwa hafifu zaidi kuliko pale ambapo mtoto hujiona ameonewa peke yake. Hafifu zaidi, lakini haukutoweka, wala haukugeuka kuwa faida. Ukoo mzima ukinywa maji ya chumvi, mtoto hataona kuwa ameadhibiwa. Chumvi itabaki chumvi.

Wala onyo hili halikuanzia Ulaya. Ibn Khaldun, mwanachuoni wa Kiislamu wa Afrika Kaskazini, katika kitabu chake Muqaddima alichokiandika mwaka 1377, ana faslu, yaani mlango, mahususi ya kueleza kuwa ukali huwadhuru wanafunzi, hasa walio wadogo. Anayelelewa kwa kuonewa, anasema, hufundishwa uongo na hila, kwa kuuogopa mkono usimfikie, hata hila ikawa ndiyo tabia yake. Miaka zaidi ya 600 baadaye, Victoria Talwar na Kang Lee walikwenda kwenye shule mbili za Afrika Magharibi, moja ikichapa na nyingine haichapi, wakawachezesha watoto wadogo mchezo wa kukatazwa kuchungulia. Matokeo yao, yaliyotoka 2011, ni kama wamemsoma Ibn Khaldun: watoto wa shule ya viboko walidanganya zaidi, tena walidanganya kwa ufundi zaidi. Masheikh wetu humnukuu mwanachuoni huyu kwa mengi. Faslu hii huipita haraka, sijui kwa nini.

Kwa mwalimu maana yake ni hii: mapigano unayoyazima kwa fimbo huenda hayajazimika. Yamehamia nyuma ya vyoo.

Swali la pili, la nchi, ndilo lenye takwimu zinazovutia na zinazopaswa kushikwa kwa uangalifu. Frank Elgar wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2018 ulinganisho wa nchi 88, wenye majibu ya vijana zaidi ya 400,000. Kila kijana alikuwa ameulizwa amepigana mara ngapi katika mwaka uliopita. Nne au zaidi zikahesabiwa kuwa kupigana mara kwa mara. Nchi ziligawanywa mafungu matatu. Nchi 30 zilikuwa zimekataza viboko nyumbani na shuleni. Nchi 38 zilikataza kwa sehemu tu, kwa mfano shuleni pekee. Nchi 20 hazikukataza popote. Kupigana mara kwa mara katika fungu la kwanza kulikuwa pungufu kwa asilimia 31 kwa wavulana na asilimia 58 kwa wasichana, ukilinganisha na nchi zisizo na marufuku, hata baada ya kuzingatia utajiri wa nchi na idadi ya mauaji.

Fungu la katikati ndilo lililonisimamisha. Huko kupigana kwa wasichana kulikuwa pungufu. Wavulana hawakutofautiana na wale wa nchi zisizo na marufuku yoyote. Mwenye kahawa wa Kibokoni, asiyewahi kuisikia McGill, aliliuliza hilo kwa maneno matatu. Kijana ambaye mwalimu hamgusi lakini baba hamwachi, umemwondolea nini?

Watafiti hao walisema wenyewe kwamba kulinganisha nchi na nchi hakuthibitishi chanzo. Huenda nchi zilizokwisha kuichoka fimbo ndizo zilizopitisha sheria, na upole ulitangulia karatasi. Sweden, ya kwanza duniani kukataza viboko hadi nyumbani, mwaka 1979, haikuamka asubuhi moja ikabadilika. Mimi nauchukua utafiti huu kwa kiasi hicho tu: hausemi kuwa marufuku huleta amani, lakini unawaweka pabaya wanaosema marufuku huleta vita.

Sasa sisi. Kila bweni likiungua, wito wa kiboko hurudi. Hata aliyekuwa Waziri wa Elimu, George Magoha, aliutoa mwaka 2021 baada ya wanafunzi kuwashambulia walimu. Hebu tuzipange tarehe. Julai 1991, katika Shule ya St Kizito, Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 wakafa na wengine 71 wakabakwa. Mwaka 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne walifungiwa chumbani mwao usiku wakachomwa moto na wanafunzi wenzao. Machi 2001, Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa katika bweni lililowashwa moto. Mawili ya kwanza yalitokea kiboko kikiwa halali kabisa, la tatu mwaka uleule wa marufuku, na waliotenda yote matatu ni watoto waliokulia chini ya Daktari. Halafu ukaja mwaka 2016, shule zaidi ya 100 zikachomwa katika miezi michache, miaka 15 baada ya marufuku. Anayetaka kulaumu marufuku ana 2016. Anayetaka kulaumu kiboko ana 1991. Moto wa mabweni haukuwahi kusubiri sheria ya viboko ibadilike, na nadhani tungeuacha kando tunapojadili ugomvi wa foleni ya uji. Una kuni zake: mitihani ya majaribio, mabweni yaliyojaa, chakula, utawala usiosikiliza.

Lipo jambo jingine ambalo sijasikia baraza lolote likilitaja. Marufuku yalikuja 2001. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, na kwa mwaka mmoja watoto shuleni wakaongezeka kutoka karibu milioni 5.9 hadi zaidi ya milioni 7. Mwalimu aliyekuwa na watoto 40 akajikuta na 70 au zaidi, walimu wa kuongeza hawakuletwa, na fimbo hana. Mtu akikumbuka kwamba shule ziliharibika "tangu kiboko kiondoke", anakumbuka sawa kuhusu wakati. Vitu viwili viliondoka karibu pamoja: kiboko na nafasi ya mwalimu kumjua kila mtoto kwa jina. Tumelaumu kimoja tu, kile kinachoonekana.

Tena kiboko chenyewe hakijaondoka. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulifanywa mara mbili, 2010 na 2019, ukiwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 yaliyowapata utotoni. Mara ya kwanza, waliosema walipigwa kabla ya kutimiza miaka 18 walikuwa kama asilimia 66 ya wanawake na 73 ya wanaume. Mara ya pili, kama 39 na 52. Kupungua huko si kudogo, na kulikwenda pamoja na miaka ambayo baraza linaapa kuwa watoto walikuwa wakichapwa kidogo mno. Lakini mwanamume mmoja kati ya wawili bado ana la kusimulia.

Nirudi Nyeri kidogo. Waliochomwa walikuwa viranja. Aliyesoma shule ya bweni hahitaji kuelezwa: mwalimu humchapa kiranja, kiranja humchapa wa kidato cha pili, wa kidato cha pili humngoja mono, yule mgeni wa kidato cha kwanza, amfulie soksi na apigwe juu yake. Fimbo ya mwalimu haikai kwa mwalimu. Hushuka ngazi, na kila ngazi anayeipokea huambiwa kimyakimya kwamba aliye mkubwa ana ruhusa. Ndiyo maana sioni mantiki ya kumchapa mtoto kwa kosa la kupiga.

Je, walimu wanaweza kuiacha? Uganda walijaribu, katika wilaya ya Luwero, shule 42 za msingi zikigawanywa kwa kura, nusu zikifuata mpango wa shirika la Raising Voices wa kubadilisha shule nzima: walimu, wanafunzi, utawala na wazazi kwa pamoja. Baada ya mwaka na nusu, waliosema wamepigwa na walimu wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 katika shule za mpango na 49 katika zile nyingine. Alama za masomo hazikutofautiana, na hilo ndilo waliloliogopa wengi. Asilimia 31 kwa wiki moja bado ni watoto wengi mno, kwa hiyo nisiusifu kupita kiasi.

Jirani yangu anafundisha kisiwani, mwalimu wa miaka 20 na zaidi. Aliacha fimbo mwaka juzi, si kwa utafiti, kwa kuogopa kupoteza kazi. Aliniambia hivyo bila haya. Mwezi wa kwanza darasa lilimshinda, akarudi nyumbani hana sauti. Kisha akanunua daftari la kurasa 96, akawa anaandika jina la kila aliyechelewa na sababu aliyoitoa, hata iwe ya uongo. Ukurasa wa kwanza ulijaa watoto wa feri, akaenda kwa mwalimu mkuu wakakubaliana roll yao iitwe mwisho. Yuko mmoja ambaye jina lake hutokea kila Jumatatu. Mama yake anauza mahamri Likoni, na Jumatatu alfajiri foleni ya feri ni ndefu, mahamri yauzika, kijana ndiye mbebaji.

"Miaka miwili nilikuwa nikimchapa kila Jumatatu," jirani akaniambia, tukiwa mlangoni kwake. "Sijawahi kumuuliza."

"Na sasa?"

"Achelewa vilevile." Akafunga daftari. "Ila huniletea mawili, ya moto."